Namna ya kuisikiliza "Friends" ya Beach Boys kabla mlima haujafunikwa

Mimi ni fundi redio, kibanda changu kiko upande wa Mbuyuni hapa Moshi, na deki za CD za mtumba zinazofika mezani kwangu nyingi zimekwama trei. Unafungua skrubu, unainua kifuniko, unakuta mkanda wa trei umelegea na CD ya mtu wa Ulaya bado imelala mle ndani. Nimeshakuta za Krismasi, za kujifunza Kifaransa, moja ya mahubiri. Mwaka juzi nikakuta ya Beach Boys, haina kasha, imechapwa majina ya albamu mbili: Friends na 20/20.

Nikafurahi, nikijua nimepata zile za ufukweni. Hao ni vijana wa Hawthorne, California: Brian, Dennis na Carl Wilson, ndugu wa tumbo moja, na binamu yao Mike Love na rafiki yao Al Jardine. Walianza 1961 na kupata jina kwa kuimba habari za kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, magari na wasichana. Nikaiweka saa nane mchana, sabufa iko wazi, bodaboda zinapita, kijana wangu wa kazi anachomelea waya. Nyimbo tatu zilipopita akaniuliza, "Fundi, hii imeisha au bado haijaanza?" Nikaitoa. Ikakaa droo ya fyuzi miezi mingi.

Kosa lilikuwa langu. Ukitaka kuisikiliza bila kulirudia, kwanza sahau bahari. Humu hakuna mawimbi. Friends ilitoka Juni 1968, mwaka ambao Marekani ilikuwa inawaka: vita vya Vietnam, Martin Luther King ameuawa Aprili, vijana wanataka magitaa ya kelele. Beach Boys wakaja na nyimbo fupi za mambo ya nyumbani, nyingi zimerekodiwa nyumbani kwa Brian huko Bel Air, Los Angeles. Mwezi mmoja kabla walikuwa wamekwenda ziarani na Maharishi Mahesh Yogi, yule mwalimu wa kutafakari kutoka India, na ziara ikavunjika baada ya maonyesho machache tu. Albamu nayo ikaishia nafasi ya 126 katika chati ya Marekani. Waingereza waliipokea vizuri zaidi, ikafika ya 13. Ila Brian mwenyewe alisema zaidi ya mara moja kwamba katika albamu zote za bendi yake, hii ndiyo aliyoipenda zaidi.

Sasa spika, na hapa naomba univumilie kwa sababu ndiyo kazi yangu. Brian alikuwa karibu kiziwi wa sikio la kulia tangu utotoni, na Pet Sounds, albamu yao ya 1966 inayosifiwa dunia nzima, aliichanganya kwa mono, yaani kushoto na kulia unasikia kitu kile kile. Friends ni stereo halisi: sauti zimegawanywa kushoto na kulia. Kwa hiyo sabufa yenye kispika kimoja kilichokufa, na mjini hapa nakuhakikishia ziko nyingi, inakula nusu ya waimbaji. Pima hivi: cheza wimbo wowote, chomoa waya wa kispika cha kushoto. Muziki ukizimika kabisa, ujue cha kulia kilishakufa zamani na hukuwa na habari. Rudisha, pima na upande wa pili. Kama unatumia simu na waya wa pini, sikiliza jambo jingine: ala zikisikika vizuri lakini mwimbaji mkuu yuko mbali kama anaimbia ndani ya pipa, ule waya wa pamoja, wa ardhi, umekatika karibu na pini. Usiukunjekunje upate kushika. Nunua mwingine. Halafu punguza besi hadi robo. Sabufa zetu zimetengenezwa kwa ajili ya singeli. Besi ikijaa, gitaa na viola (fidla kubwa kidogo) vya humu vinazama.

Huna CD? Iko kwenye mitandao ya muziki. Yote ina nyimbo 12 na haifiki dakika 26, kwa hiyo hata ukiishusha kwa ubora wa kati inakula kama MB 30 za bando. Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Hili usilipuuze. Wimbo wa kwanza, Meant for You, haufikishi hata dakika moja. Ni mlango tu. Ukiletewa katikati ya albamu unaonekana takataka.

Saa ya kusikiliza ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi huiweka chai ikiwa jikoni, mlango wa nyuma wazi, Kibo iko nyeupe kabla mawingu hayajapanda. Jioni nayo inafaa mlima ukifunguka tena. Mchana hapana, mchana umeshaona kilichonipata. Na ikae yote kwa mara moja. Huwezi hata kupika mtori kwa muda huo, ndizi zitakuwa ndiyo kwanza zinalainika. Tena usiihukumu mara ya kwanza. Kunywa mtori, nyama ziko chini.

Wengi hukwama kwenye Kiingereza. Swali langu kwao ni moja: wewe ulijua Kilingala? Tumezicheza nyimbo za Wakongo miaka hamsini, tunazifuata neno kwa neno na hatujui mtu kaachwa au kaoa. Hapa njia nzuri zaidi ni ya kwaya. Mtu wa Moshi aliyepita kwaya ya usharika anajua sauti ya kwanza, ya pili, teno na besi. Basi chagua sauti moja, tuseme ya pili, uishike tangu wimbo unaanza hadi unaisha, zingine ziache zipite. Kesho shika nyingine. Anza na wimbo wa pili, wenye jina la albamu. Unahesabika tatu-tatu, mwendo wa waltz, na ukiufuata kwa sauti ya chini utajikuta unayumba kwenye kiti. Passing By ni rahisi zaidi: sauti zinaimba bila maneno, kwa hiyo hapo hata Mwingereza hana la kukuzidi.

When a Man Needs a Woman ni ya baba anayesubiri mtoto. Binti wa kwanza wa Brian alizaliwa Aprili ile ya 1968. Anna Lee, the Healer sina la kusema juu yake, pita. Lakini ukifika Little Bird na Be Still, kaa sawa. Hizo ni za Dennis, mpiga ngoma, alizoandika na mshairi Stephen Kalinich. Dennis ndiye pekee katika bendi nzima aliyekuwa akipanda mawimbi kweli. Wengine waliimba tu. Na yeye ndiye aliyeleta nyimbo tulivu kuliko zote, Be Still ni sauti yake na kinanda, basi. Alikufa maji mwaka 1983, ana miaka 39. Nikilikumbuka hilo wimbo unanishinda, namalizia chai nikiwa nimesimama mlangoni.

Kisha Busy Doin' Nothin', ambao ndio ulioitoa CD kwenye droo ya fyuzi. Brian anaeleza siku ambayo hafanyi kitu, na katikati anakuelekeza njia ya kufika kwake: endesha maili kadhaa, kata kona, na kadhalika. Jina la mtaa hasemi. Nilicheka peke yangu. Ndivyo tunavyoelekezana mitaa yetu ya Pasua na Majengo: ukipita mwembe, ulizia. Chini yake gitaa linatembea kwa mwendo wa bossa nova ya Brazil, na hapo ndipo utashukuru ulipunguza besi.

Diamond Head haina mwimbaji mkuu. Ni jina la kreta ya volkano kule Hawaii, na sisi watu wa chini ya volkano tunaweza kuipa dakika zake tatu na nusu. Wa mwisho, Transcendental Meditation, ni wa kutafakari, nao ndio wenye kelele kupita zote, tarumbeta na saksafoni zinagombana. Usiuzime ukidhani deki imeharibika. Nimeshaletewa deki kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Kama CD yako ni kama yangu, bonyeza kuzima baada ya wimbo wa 12. Wa 13 ni Do It Again, wa kwanza wa 20/20, na huo unarudi ufukweni moja kwa moja. Uingereza ulishika namba moja mwaka ule ule wa 1968. Mke wangu anaupenda kuliko zile 12 zote kwa pamoja. Akiwahi rimoti yeye, mimi nachukua mkoba wa zana na kwenda kufungua kibanda.