Anza na bahasha: kadi za heri kutoka kwenye mabaki ya vitenge

Mwaka wa kwanza nilipojitia kutengeneza kadi za Idi, nilikata arobaini. Za mraba, nzuri mno, kila moja na kipande cha kitenge katikati. Nikazipanga mezani, nikajisifu, kisha nikazunguka maduka ya Ngamiani kutafuta bahasha. La kwanza hakuna, la pili hakuna, la tatu kijana akanicheka waziwazi: "Mama, bahasha ya mraba kwa hapa Tanga utaipata wapi?" Usiku ule nilikesha nikikunja bahasha za karatasi ya kaki, mume wangu akinishikia rula na kunung'unika. Tangu siku hiyo naanza na bahasha.

Mimi ni fundi cherehani. Mabaki ya vitenge hayaniishii: kila gauni linaacha vipande visivyotosha hata mfuko, na kuvitupa roho inauma. Kwa hiyo kadi zangu zinashonwa kwa mashine, hazigandishwi kwa gundi. Nitakueleza ninavyofanya. Kama huna cherehani, sindano ya mkono inatosha, ila itakula muda.

Nunua bahasha kwanza, ipime, ndipo ukate karatasi. Mimi natumia ile ndogo iitwayo C6, milimita 114 kwa 162. Karatasi ngumu ya A4 ukiikata katikati unapata vipande viwili vya A5, na kila kimoja ukikikunja kinakuwa kadi ya milimita 105 kwa 148. Ndani ya bahasha kunabaki nafasi ya milimita 9 upande mmoja na 14 upande mwingine. Usiione nyingi, kitenge kina unene wake na kitaihitaji.

Karatasi yenyewe isiwe ile manila laini ya kuchorea ramani darasani. Kadi yake haisimami, ukiiweka juu ya kabati inalala chali. Ulizia ya gramu 250 au 300. A4 moja ya gramu 300 ina uzito wa karibu gramu 19, kwa hiyo kadi yako itakuwa na gramu tisa na nusu. Ongeza bahasha, karatasi ya ndani na kitambaa, unafika 16 hivi. Ninahesabu hivyo kwa sababu posta wanapima, na barua nyepesi inaishia gramu 20. Ukivuka hapo unalipia daraja la juu.

Karatasi ina mlalo wake kama kitambaa. Watu wengi hawalijui hili, na ndiyo maana kadi zao zinapasuka mkunjoni na kuonyesha nyama nyeupe. Shika karatasi, ipinde taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Upande mmoja utainama kwa utii, mwingine utakusukuma. Mkunjo wako ufuate upande wenye utii. Halafu usikunje kwa kidole tu. Weka rula ya chuma mahali pa mkunjo, chukua kalamu ya Bic iliyokwisha wino, pitisha mara mbili kwa kukandamiza. Unapata mfereji. Kadi itajikunja yenyewe hapo, imenyooka kama pindo la suruali.

Sasa cherehani, na hapa naomba unisikilize kama mwanafunzi wangu. Weka mshono mrefu, milimita 4 kama mashine yako inafika. Nilipoanza niliacha mshono wa kawaida wa gauni, milimita 2, na kipande cha kitenge kikachomoka pamoja na karatasi yake, mzunguko mzima, kama stempu inavyochanwa kwenye shiti. Matundu yakisogeleana karatasi haina pa kushikilia. Sindano iwe nyembamba, namba 11, na uitenge iwe ya karatasi tu, kwa sababu karatasi inaifanya sindano butu. Ukirudi nayo kwenye hariri ya mteja itavuta nyuzi na utalipa wewe. Usirudishe mashine nyuma mwisho wa mshono kama tunavyofunga nguo. Acha uzi mrefu, uvute upande wa nyuma kwa sindano ya mkono, ufunge fundo, ukate. Kwenye kona simamisha sindano ikiwa imezama, inua mguu wa mashine, geuza kadi, shusha, endelea. Kushona kunafanyika kadi ikiwa wazi, ukurasa wa mbele peke yake. Niliwahi kushona kadi ikiwa imekunjwa nikaifunga yote, kama mfuko wa kofia.

Kitambaa kipige pasi kwanza. Kwangu kipimo ni sentimita 8 kwa 8, na kingo nazichambua nyuzi kidogo, milimita mbili tatu, zikae kama kishada kifupi. Kitenge cha pamba kinakubali. Satini inateleza, iache.

Kwa nini sipendi gundi? Kwenye kitambaa chepesi inapenya na kuonekana kama doa la mafuta ya maandazi. Na wakati wa masika hapa kwetu haikauki, kadi zinajipinda kama mabati. Gundi naitumia mahali pamoja tu: ndani. Mshono unaonekana upande wa nyuma na haupendezi, kwa hiyo nakata karatasi ya kawaida ndogo kidogo kuliko kadi, naikunja, naipaka gundi nyeupe mstari mwembamba kando ya mkunjo, naishikiza humo. Ndiyo karatasi ya kuandikia. Kadi inalala chini ya vitabu vizito usiku kucha. Uji wa unga wa ngano nao unashika vizuri na ni wa bure, lakini mende wanaupenda kuliko wewe. Utumie kwa kadi itakayoondoka wiki hiyohiyo.

Kanga kuukuu ni hazina nyingine. Unaweza kukata jina la kanga, yale maneno ya chini, ukalishona liwe ujumbe wenyewe. Mama yangu alikuwa na doti ya "Wema hauozi" iliyochakaa kabisa, ikanitolea kadi ya kumshukuru mkunga wetu. Ila soma unachokata! Nilimshonea wifi yangu kadi ya kumpongeza kwa kuhamia nyumba mpya, nikapenda maua ya pindoni, nikakata bila kuangalia maneno mawili yaliyobaki chini. Yalikuwa "hana sababu". Mtu wa pwani akiona "hana sababu" anaijaza mwenyewe: hasidi hana sababu. Nilienda kwake mara mbili na sahani ya sambusa ndipo akanielewa.

Maneno yaandike kwanza kwenye karatasi ya ovyo. "Nakutakia heri, fanaka na maisha marefu" ni maneno mazuri, lakini hata benki inaweza kukutumia hayo. Tia kitu kimoja mnachokijua ninyi wawili. Kwa shangazi yangu aliyeko Muscat niliandika hivi: "Shikamoo shangazi. Nimepika vileja kwa kikombe chako kile chenye ufa, iliki nimetia kama ulivyonifunza. Safari hii havikuvunjika. Mkono wa Idi." Basi. Mistari minne, na alinipigia simu akicheka na kulia.

Kadi ya Idi usiitie tarehe ya kizungu, kwa sababu mwezi ndio unaoamua. Andika Mfungo Mosi kwa Idi ndogo, Mfungo Tatu kwa Idi kubwa. Kumbuka pia Idi inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo usitegemee ulichoandika kwenye kalenda ya mwaka jana. Kwa watoto, shona kitenge pande tatu tu, upande wa juu uwe wazi: una mfuko wa noti ya mkono wa Idi. Hiyo mpe mkononi. Pesa haipiti posta.

Krismasi ni rahisi, kadi moja inabeba na Mwaka Mpya.

Kadi ya mtihani kwa mtoto wa bweni andika ukijua mwalimu anaweza kuifungua kabla yake, kwa hiyo siri za nyumbani ziache. Na zile za dukani zenye muziki usimpelekee. Mpwa wangu alipata moja akiwa Kidato cha 4, ikafunguka yenyewe sandukuni saa nane ya usiku, bweni zima likaamka.

Kadi ya pole ninaishona tofauti: karatasi nyeupe, uzi mweupe, hakuna kitenge, mshono mmoja tu kuzunguka. Aliye karibu hatumiwi kadi, anaendewa. Aliye mbali, mtaje marehemu kwa jina na useme jambo moja alilokufanyia. Usimwandikie mama aliyefiwa na mwanawe kwamba ni mipango ya Mungu. Anaijua, na ataambiwa na watu mia kabla kadi yako haijafika.

Kutuma. Ndani ya nchi, S.L.P. mara nyingi ni ya shule au ofisi nzima, kwa hiyo jina la mtu litangulie, na darasa au idara yake ifuate, la sivyo kadi itazunguka mezani kwa watu. Oman nako ni sanduku la posta, na lina namba ya eneo ya tarakimu tatu, kwa mfano 112 ni Ruwi, usiiache. Ujerumani ndiko nilikopata somo. Kadi ya mtoto wa dada yangu ilirudi baada ya miezi miwili, na mtaa niliuandika sawasawa, namba ya nyumba sawasawa. Kumbe kule mlangoni tarishi anasoma majina kwenye visanduku, na huyo mtoto wetu alikuwa amepanga chumba kwa mtu mwingine, jina lake halipo. Siku hizi naandika jina lake, chini yake c/o na jina la mwenye kisanduku.

Kwa nje ya nchi napeleka wiki sita kabla. Shanga na vifungo sivishoni kwenye kadi ya safari: mashine ya kugonga mihuri inavivunja, na unene ukizidi milimita 5 inakoma kuwa barua ya kawaida. Hata kitenge kikiwa kimoja tu, dirishani namwomba mhudumu agonge muhuri kwa mkono. Stempu nabandika kona ya juu kulia, mbali na pale kitambaa kilipotuna. Wa mwisho aliipapasa bahasha kabla ya kugonga, akaniuliza kama nashona na sare za shule.