Kuomba fedha za ukumbi wa mtaa kwa seneta wa jimbo, Minnesota

Ndugu zangu wa Minnesota, mkitafuta fedha za ukumbi wa mtaa, msikimbilie Washington. Muoneni seneta wenu wa jimbo. Wako 67, St. Paul, mji mkuu wa jimbo. Ila anzieni manispaa: fedha za hati fungani za jimbo (mkopo ambao jimbo huchukua kwa wawekezaji) hujenga mali ya umma, kwa hiyo jengo la jumuiya yetu wenyewe halipati kitu. Kwa kawaida mji nao huchangia nusu ya gharama.

Barua iwe ukurasa mmoja: jengo liko wapi, gharama, nani mmiliki, nani watalitumia. Mimi huambatanisha picha ya dari lililolowa mvua. Mswada wa hati fungani hupita kwa kura tatu kati ya kila tano, basi mwandikieni na seneta wa chama kingine cha siasa, mapema.