Kupigia hesabu ndege ndogo ya mizigo kwa hewa ya Dodoma

Kampuni changa inayobuni ndege ya mizigo Dodoma ianze na hewa, kabla ya kununua mota hata moja. Mji uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto likifika nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa hapa ina takriban kilo 1.02. Majedwali mengi hutumia 1.225, hewa ya usawa wa bahari. Upungufu huo wa asilimia 17 unagusa kila kitu.

Chukua ndege isiyo na rubani ya kilo 20 pamoja na mzigo, mbawa mita 4 ncha hadi ncha, upana sentimita 40. Eneo ni mita za mraba 1.6. Tafuta mwendo wa chini kabisa ambao mbawa bado zinabeba. Zidisha 20 kwa 9.81, kisha kwa 2: unapata 392. Gawanya kwa uzito wa hewa wa mita moja ya ujazo mara eneo mara 1.3 (kigezo cha unyanyuzi kinachofaa kuanzia kwa bawa lisilo na flapi, vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa kuongeza unyanyuzi), halafu tafuta kipeuo cha pili. Kwa hewa ya jedwali jibu ni mita 12.4 kwa sekunde. Kwa hewa ya Dodoma ni 13.6, na chini ya hapo mbawa hazibebi. Iache ardhi kwa mara 1.2 ya mwendo huo, yaani 16.3. Njia ya kurukia hurefuka kwa asilimia 20, na hapo bado hujahesabu pangaboi (propela).

Pangaboi kwa mizunguko ileile hupoteza asilimia 17 ya msukumo. Wengi huongeza mizunguko; umeme unapanda na kidhibiti cha mota kinaungua. Ni afadhali kuongeza kipenyo. Funga mota kwenye stendi yenye mizani, saa nane mchana, uiendeshe dakika mbili kamili. Sekunde kumi hudanganya, kwa kuwa betri haijashuka wala kidhibiti hakijapata moto.

Kosa linaloangusha ndege nyingi mpya ni kukosea kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ukiishikilia kwa nukta moja. Kwa bawa lililonyooka na mkia wa kawaida, kiweke asilimia 25 hadi 30 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Weka mizani chini ya kila gurudumu. Gurudumu la pua likisoma kilo 3, na liko sentimita 100 mbele ya magurudumu makuu, basi 3 × 100 ÷ 20 ni 15: kitovu kiko sentimita 15 mbele ya magurudumu makuu. Rudia bila mzigo. Mzigo wa kilo 4 ukiteleza sentimita 10 nyuma, kitovu kinarudi sentimita 2, asilimia 5 ya upana wa bawa. Mkia ukiwa mzito, pua huinuka yenyewe baada ya kuruka na usukani hauwahi. Kwa hiyo sanduku la mzigo likae chini ya bawa, na lifungwe kwa mikanda.

Ndege ya abiria isubiri. Uthibitisho wake ni kazi ya miaka. Hata hii ndogo inahitaji kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kabla ya jaribio, na uwanja wa ndege wa Dodoma uko ndani ya mji, hivyo tafuta eneo la mbali. Rusha alfajiri, kabla upepo na vumbi havijaamka.