Kuongeza vyumba na bwawa dogo uani: anza na shimo

Wengi hujenga vyumba kwanza, bwawa likasubiri fedha. Ukuta mpya ukishasimama, mashine haina pa kupita. Shimo litachimbwa kwa sururu na udongo utolewe kwa toroli kupitia sebuleni. Panga vyote kwenye ramani moja, uombe kibali kimoja. Vigae na pampu vinaweza kungoja.

Hatua ya 1: Pima umbali. Mzigo wa nyumba hutanuka kwenda pembeni kadiri unavyoshuka ardhini, takriban kwa nyuzi 45. Kwa hiyo kati ya msingi na ukingo wa shimo acha nafasi isiyopungua tofauti ya vina vyao. Msingi ukiwa mita 0.8 chini na shimo mita 1.6, acha angalau mita 0.8. Udongo ukiwa wa kichanga, ongeza, na mhandisi ndiye aseme kiasi gani. Uwanja ukibana, punguza kina. Maji ya mita 1.2 yanatosha kabisa familia kuogelea, na fundi anayekushawishi uende mita 2 muulize nani atapiga mbizi.

Hatua ya 2: Chimba na umwage zege kiangazi. Shimo lisiachwe wazi mvua zikaja. Suka nondo za sakafu na kuta, mwaga, kisha funika kwa magunia na uyaloweshe kwa siku 7 au zaidi. Nguvu ya zege hupimwa siku ya 28. Kama maji ya ardhini yako juu, weka valvu ya kupunguza msukumo sakafuni, maana bwawa tupu huweza kuinuliwa lote kutoka ardhini.

Hatua ya 3: Jenga vyumba, ila usiufungamanishe ukuta mpya na wa zamani kwa saruji. Nyumba ya zamani imeshatulia, mpya bado itazama kidogo, na ufa utatokea palepale. Acha mwanya wa kama milimita 10 na uuzibe kwa silikoni inayonyumbulika.

Hatua ya 4: Mlango wa kuunganisha toboa mwishoni. Kwanza toboa matundu juu ya pale linta (boriti ya zege ya juu ya mlango) itakapokaa, pitisha boriti fupi zitokeze pande zote mbili, kila ncha iegemee nguzo ya jeki. Hapo ndipo ukate tofali. Linta ilale juu ya ukuta sentimita 15 kila upande, na jeki zisiguswe mpaka zege lake likomae.

Hatua ya 5: Sakafu ya uani iteremke sentimita 2 kwa kila mita, ikiipa mgongo nyumba na bwawa pia. Rangi na dari fanya upendavyo.

Hatua ya 6: Kabla ya kujaza maji, zungushia uzio wa mita 1.2 au zaidi wenye geti linalojifunga lenyewe, na umeme wa pampu upite kwenye breka ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja.

Hatua ya 7: Jaza kabla ya vigae. Simamisha ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yakiwa kimo kimoja, uweke alama. Baada ya saa 24, bwawa likiwa limeshuka kuliko ndoo, linavuja. Tafuta kwanza kwenye maungio ya mabomba.