Somo: Kutoka kwa spana hadi umeneja kwenye kiwanda cha magari (soma yote kabla ya kuniuliza)

Nimechoka. Wiki hii pekee nimeulizwa na watu watano, mmoja akanifuata hadi kwa kinyozi hapa Section 58, Nakuru: "Injinia, mtu huwaje meneja kwenye kiwanda cha magari?" Naandika mara moja. Kuanzia leo ukiniuliza nitakutumia hili.

Viwanda vikubwa vya kuunganisha magari nchini viko Nairobi, Thika na Mombasa. Nakuru na Kisumu tuna gereji na maduka ya kuuzia. Kwa hivyo kabla ya yote, tafuta nauli.

1. Jisajili. Mwenye digrii aende EBK (bodi ya wahandisi), mwenye diploma aende KETRB (bodi ya mafundi na wanateknolojia wa uhandisi).

2. Anzia kwenye laini, pale gari linapopita kutoka kituo hadi kituo likiunganishwa, usikimbilie ofisi. Magari mengi tunayounganisha huja vipande vipande ndani ya makasha. Pitia kuchomelea, rangi na kuunganisha, na ukae kila sehemu mpaka mafundi wazoee kukutania. Mary Barra aliingia GM (General Motors, kampuni ya magari ya Marekani) mwaka 1980 akiwa na miaka 18, kazi yake kukagua paneli za magari ya Pontiac. Baadaye alisimamia kiwanda kizima, akaongoza idara ya wafanyakazi, ndipo akawa mkurugenzi mkuu mwaka 2014. Hiyo idara ya wafanyakazi mainjinia wengi huidharau. Wanakosea.

3. Jua hesabu ya dakika. Zamu ya saa nane ni dakika 480. Toa 30 za chakula, zinabaki 450. Ukitakiwa kutoa magari 30, kila kituo kina dakika 15. Kituo kimoja kikichukua 17, laini yote inatembea kwa 17, na unafunga zamu na magari 26. Ukishaelewa hapo, utaacha kuwakemea walio wepesi na kwenda kukaa na yule mmoja anayelemewa.

4. Achilia spana. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hivyo someni polepole.

Nilikuwa na mwezi wa pili nikiwa supavaiza. Kijana wa kituo cha magurudumu ya malori akaniita, akasema nati hazishiki kama kawaida. Nikamwambia asogee. Nikachukua spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) kutoka sanduku langu, nikakaza mwenyewe, laini ikaendelea, nikatembea kifua mbele. Kumbe spana ya kituo ilikuwa imepoteza kipimo. Sikuiondoa. Sikuandika neno kwenye kitabu cha zamu. Watu wa usiku wakaikuta pale pale, wakaitumia hadi alfajiri. Mkaguzi ndiye aliyegundua: malori 19 yakarudishwa kutoka yadi, kila nati ikafunguliwa na kukazwa upya. Meneja hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Yule kijana alijifunza nini?" Nikakodoa macho.

Kwa hivyo: ukiitwa, simama nyuma ya fundi, uliza, mwache ashike yeye. Kifaa kibovu kifungwe alama nyekundu na kitoke kwenye laini saa hiyo hiyo, si mwisho wa zamu. Kitabu cha zamu usikiache mezani. Supavaiza anayekuja akisome mkiwa mmesimama pamoja. Na fundi akisimamisha laini kwa sababu ya kasoro, mshukuru hata kama unaumwa tumbo ukifikiria magari 26. Ukimfokea mara moja, hatakuita tena.

Anayedhani haya ni maneno ya semina aangalie kiwanda cha Fremont kule California. GM walikifunga mwaka 1982, utoro ukiwa umezidi. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ushirikiano na Toyota, wafanyakazi wengi wakiwa wale wale wa zamani, na magari yakatoka mazuri. Kilichobadilika ni usimamizi.

5. Jifunze bajeti. Ukiomba mashine bila kusema itarudisha pesa lini, utasikia "tutaangalia" hadi ustaafu.

6. Nafasi ikitangazwa, andika barua. Hakuna atakayekuja kukuokota.

MASWALI

Kijana_Njoro: Boss, somo refu. Nipe tu namba ya mtu wa kuajiri.

Jibu: Sina. Hatua ya 6.

Omosh_Kondele: Kwa hivyo injinia asichafuke mikono? Hizo ni tabia za watu wa ofisi.

Jibu: Nimechafuka miaka tisa, ndugu yangu. Rudi hatua ya 4, pale penye malori 19, uniambie mikono yangu ilisaidia nini.

Diploma_Kisumu: Mwenye diploma anaweza kufika umeneja?

Jibu: Anaweza, nimewahi kufanya kazi chini ya mmoja. Ila usikae na diploma na uzoefu wa kituo kimoja tu.

Dada_Kakamega: Habari Injinia. Nimepewa watu wanane sehemu ya rangi. Mmoja ni mzee wa umri wa baba yangu. Nikimrekebisha ananyamaza, kisha anafanya alivyozoea. Nifanyeje?

Jibu: Asante dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Usimrekebishe mbele ya vijana, hata kama una haki. Mimi nilikuwa na mzee kama huyo, tukimwita Guka, yaani babu. Nilimwomba anionyeshe anavyopiga rangi, nikakaa kando na daftari. Kila mstari aliupitisha juu ya nusu ya uliotangulia. Karatasi yetu ya maelekezo ilisema robo. Rangi yake ilikuwa sawa kila mahali, ya wengine ilikuwa na michirizi. Tukabadilisha karatasi, tukaandika jina lake chini. Kuanzia hapo akawa yeye ndiye anayewafokea wanaofanya mkato. Jambo moja sikumbembeleza: alikuwa hapendi kinyago cha kujikinga na mvuke wa rangi. Rangi zinazochanganywa na kigumishi zina kemikali za isosiyaneti, zinaweza kukuachia pumu ya maisha. Bila kinyago, hata Guka alibaki nje ya mlango.

Dada_Kakamega: Wa kwangu naye hapendi kinyago. Kesho naenda na daftari.

Fundi_Shabab: Nje ya mada kidogo. Spana yangu ya toki nikimaliza kazi naiweka vile vile ilivyokazwa. Kuna shida?

Jibu: Ipo. Springi inachoka. Irudishe kwenye kipimo chake cha chini kabisa, usipite chini ya hapo. Ikianguka sakafuni, ipeleke ipimwe. KEBS, shirika la viwango, wana maabara ya vipimo. Nati za gurudumu zikaze kwa mtindo wa nyota, ukivuka upande wa pili kila mara badala ya kufuata mduara, na umwambie mteja arudi baada ya kilomita 50 hadi 100 uzikaze tena. Na usiitumie kufungulia nati.

Fundi_Shabab: Kufungulia nimekuwa nikifungulia nayo tangu 2019.

Jibu: Ipeleke kesho asubuhi. Usiguse gari la mteja yeyote kabla.