Ndugu yako yuko selo na hapelekwi mahakamani: fuata hatua hizi (kwa walioko Dodoma na wilaya zake)

Nimeandika hii baada ya kukaa na dada mmoja wa Nkuhungu ambaye mdogo wake, dereva bodaboda, alibebwa kijiweni akawekwa ndani kwenye kituo kimoja hapa mjini. Kila akienda anaambiwa upelelezi unaendelea, njoo kesho. Watu wengi wakifika hapo wanaanza kumtafuta mtu anayemjua mkubwa fulani. Mimi nasema tafuta kwanza kalamu na daftari, maana kinachomtoa mtu ndani kihalali ni saa na tarehe zilizoandikwa vizuri, kuanzia kituoni mpaka Mahakama Kuu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, siyo wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inanipa nafasi ya kuelimisha na kuelekeza, lakini kusimama mahakamani hapana, na akitokea "msaidizi wa kisheria" anakudai hela ya kukuandalia kesi, achana naye.

Namba za vifungu ninazotaja ni zile ambazo mawakili wengi bado wanazo kichwani, za Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Tangu 1 Julai 2025 tunatumia Toleo la Urekebu la 2023 na baadhi ya vifungu vimehama namba, kwa hiyo kabla ya kuandika kifungu chochote kwenye karatasi ya mahakama angalia toleo jipya.

HATUA YA 1: Jua yuko kituo gani

Zunguka vituo vyote, anza na kilicho karibu na alipokamatiwa. Beba nakala ya kitambulisho chake.

HATUA YA 2: Andika saa

Andika alikamatwa saa ngapi, wapi, na nani alikuwepo. Kifungu cha 32 kinataka mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama inawezekana, na isipowezekana mkuu wa kituo anatakiwa kuangalia suala la kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa lionekane ni zito. Kosa la adhabu ya kifo halina hizo saa 24 lakini bado inatakiwa apelekwe mapema iwezekanavyo. Halafu kuna saa nyingine ambazo watu hawazijui: kifungu cha 50 kinawapa polisi saa 4 za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na kuziongeza kuna utaratibu wake kifungu cha 51. Maelezo ya onyo (yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake) yaliyochukuliwa nje ya muda huo yanaweza kuja kupingwa kwenye kesi, ila wakili atayapinga vipi kama hakuna mtu anayejua kijana alikamatwa saa ngapi?

Hapa kuna kitu kidogo kinachovuruga sana. Sisi tunasema saa 4 asubuhi, daftari la kituo linaandikwa kwa mtindo wa saa 24, yani 1000. Sasa mama wa Bahi anasema mwanangu alichukuliwa "saa kumi", kumbe ni saa 10 jioni, karani anaandika 10:00, tayari mmepoteza saa 6 au mmejiongezea saa 6 za uongo. Andika saa ya Kiswahili, taja asubuhi au jioni au usiku, halafu pembeni weka ile ya saa 24. Kila mara, bila kuchoka.

HATUA YA 3: Omba dhamana kituoni

Nenda na mdhamini, kitambulisho cha NIDA na barua ya mtendaji wa mtaa. Dhamana ya polisi ni bure. Ukiombwa hela piga TAKUKURU 113, bure pia. Ujue tu kwamba kuna makosa ambayo kifungu cha 148(5) kinazuia dhamana mahakamani, kwa mfano mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha. Mahakama Kuu iliwahi kusema Mei 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, ikafika Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua, kwa hiyo usipoteze siku kubishana kituoni kuhusu dhamana ya makosa hayo. Ambacho hakijazuiwa na kifungu hicho ni haki ya kufikishwa mahakamani, na kifungu cha 54 kuhusu kuwasiliana na wakili au ndugu. Omba vyote viwili kwa heshima, "afande naomba kumuona mdogo wangu", na jibu utakalopewa liandike na saa yake.

HATUA YA 4: Barua kwa mkuu wa kituo

Hii watu wanairuka wanasema si tumeshaongea kwa mdomo. Mimi napenda barua kuliko simu na kuliko wasap. Nusu ukurasa inatosha: nani, alikamatwa lini saa ngapi, tunaomba apewe dhamana au afikishwe mahakamani. Nakala kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, makao makuu yao yako hapahapa Dodoma, malalamiko hayalipiwi, na Tume ina mamlaka ya kutembelea mahabusu. Pelekeni Tume mapema kwa sababu jambo likishakuwa mahakamani wao hawaligusi. Gonga muhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yako. Wakikataa kugonga, andika nyuma ya nakala jina au namba ya askari uliyemwachia, tarehe na saa.

HATUA YA 5: Amueni kwenda Mahakama Kuu

Maombi yanaitwa habeas corpus, kifungu cha 390. Unaiomba Mahakama Kuu iamuru mtu aletwe mbele yake na kama anashikiliwa kinyume cha sheria aachiwe. Haya hayangoji ile notisi ya siku 90 ya kuishtaki serikali, hiyo ni ya madai kama ya fidia. Yanafunguliwa Masjala Ndogo ya Dodoma, yakiwa na hati ya wito wa chemba (karatasi inayowaita wajibu maombi mbele ya jaji) na hati ya kiapo (maelezo ya matukio yaliyoandikwa na kuapiwa). Wajibu maombi ni mkuu wa kituo au Kamanda wa Mkoa, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Wakili mtafute. Kama hamna uwezo nendeni kwenye mashirika ya msaada wa kisheria. LHRC, yaani Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wako tangu 1995 na wana ofisi Dodoma. Waambie kabisa mnataka habeas corpus, msiseme tu "tuna shida ya kesi", mtapangiwa foleni ya mirathi na talaka.

HATUA YA 6: Hati ya kiapo

Hapa ndipo naomba utulie, maana hapa ndipo maombi mengi yanafia, na inauma mno kuona mtu anabaki ndani kwa sababu ya mstari mmoja chini ya ukurasa.

Kwanza lugha. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo andikeni Kiswahili. Sijui kwa nini bado watu wanang'ang'ania kumwapisha bibi wa Chemba kiapo cha Kiingereza ambacho hata hawezi kukisoma. Kama muapaji hajui kusoma, kisomewe kwa lugha anayoielewa, Kigogo, Kirangi, yoyote, na iandikwe ndani ya hati kwamba kimesomwa, na nani, na kwamba ameelewa.

Pili, nani aape. Aape aliyeona. Dada yake anayeishi Kongwa na aliyepigiwa tu simu siyo muapaji mzuri, muapaji mzuri ni yule bodaboda mwenzake aliyekuwa kijiweni. Kama mnataka kutumia wote basi kila mmoja aape cha kwake, kwa sababu ukimtaja mtu kwenye kiapo chako kwamba "fulani aliniambia", mahakama itauliza mbona huyo fulani hajaapa.

Tatu, weka matukio tu. Mawakili wote wanaijua kesi ya Uganda ya 1966, ya Matovu dhidi ya Kamishna wa Magereza, nayo ilikuwa habeas corpus, na ndiyo inayotajwa mpaka leo kwenye mahakama zetu: hati ya kiapo isiwe na hoja za sheria, maombi, wala maoni. Aya kama hii itapigwa:

"Kwamba polisi wamemnyanyasa mdogo wangu kinyume cha Katiba na naiomba mahakama yako tukufu imwachie."

Aya kama hii itasimama:

"Kwamba tarehe (weka) saa 4 asubuhi, yaani 10:00, nikiwa kijiweni Nkuhungu, niliona askari wawili, mmoja akiwa na sare, wakimpandisha (jina) kwenye gari jeupe. Nililifuata kwa pikipiki mpaka kituo cha (jina) na nikamuona akiingizwa ndani."

Umeona tofauti? Ya pili haina hasira hata kidogo lakini mjibu maombi lazima aijibu. Zile saa za Hatua ya 2 na ile barua yenye muhuri ndiyo vinaingia hapa, barua unaiambatisha kama kielelezo. Hoja za Katiba, ibara ya 13(6) na ya 15, wakili atazisema mbele ya jaji.

Nne, uthibitisho. Baada ya aya zote kuna sehemu muapaji anasema aya zipi anazijua mwenyewe na zipi ameambiwa na nani. Usiandike "yote ni kweli kwa ufahamu wangu na imani yangu" kwa mkupuo. Andika "aya ya 1 hadi 5 ni kwa ufahamu wangu mwenyewe, aya ya 6 ni taarifa niliyopewa na (jina) ambayo naamini ni ya kweli". Na uhesabu aya, maana mkiongeza aya moja dakika ya mwisho steshenari namba zote zinasogea na uthibitisho unabaki wa zamani.

Tano, na hii ndiyo kubwa, kile kipande cha mwisho cha kamishna wa viapo, yule anayemwapisha muapaji, mara nyingi ni wakili. Kinatakiwa kisomeke hivi:

"Kiapo hiki kimetolewa hapa DODOMA na (jina la muapaji) ambaye ametambulishwa kwangu na (jina), huyu wa pili nikiwa namfahamu mimi mwenyewe, leo tarehe ... mwezi ... mwaka ..."

Halafu chini jina la kamishna, sahihi, anwani na muhuri. Mahali lazima pawepo, tarehe lazima iwepo. Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye shauri la D.B. Shapriya dhidi ya Bish International kwamba kutokuonyesha mahali ni kasoro inayoua kiapo. Jina la kamishna nalo sheria ya viapo, Sura ya 12, inalidai, muhuri usiosomeka hautoshi. Angalia pia hapo kwenye utambulisho, kama kamishna hamjui muapaji basi aliyemtambulisha atajwe, usiache maneno yote mawili, "ninayemfahamu / aliyetambulishwa", bila kukata moja. Na muapaji asaini MBELE ya kamishna. Kuna sehemu unakuta mihuri ya mawakili iko kwenye droo ya steshenari, kijana anakugongea huku wakili mwenyewe yuko safari. Usikubali, hata kama umetoka Mpwapwa na basi linaondoka. Kiapo ambacho hakikuapwa ni cha uongo na atakayeulizwa ni muapaji.

Sita, kwenye kila hati mwishoni iwepo "Imeandaliwa na", jina na anwani ya aliyeandaa. Kama mwombaji kaandaa mwenyewe, aandike jina lake. Sheria ya Mawakili inaitaka hiyo na masjala wanaweza kuikataa hati isiyo nayo.

Kweli siku hizi baadhi ya majaji wanaruhusu kasoro ndogo zirekebishwe, lakini kurekebisha maana yake ni tarehe nyingine, na wakati huo mtu analala sakafuni.

Kabla ya kuskani, mpe mtu ambaye hajashiriki kabisa asome kipande cha tano tu. Mimi namtumia mwenzangu wa ofisini, yeye anaanza kusoma kutoka chini kwenda juu, na kasoro nyingi anazikuta huko chini.

HATUA YA 7: Fungua na peleka wito

Wakili anafungua kwenye mfumo wa mahakama mtandaoni, pamoja na hati ya dharura (inayoeleza kwa nini shauri lisisubiri) ili mpangiwe jaji haraka. Mkipata wito upelekeni siku hiyohiyo, msainiwe nakala. Mara nyingi wito ukifika tu kijana anapewa dhamana au anafikishwa mahakama ya chini na maombi yanaishia hapo. Msisikitike kwamba hamkupata hukumu, mlichotaka kimepatikana.

HATUA YA 8: Siku anayofikishwa mahakamani

Kama amepigwa, amwambie hakimu siku hiyo ya kwanza, kwa sauti, na aombe iandikwe. Ombeni PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, apate matibabu, pigeni picha za majeraha zenye tarehe. Akisubiri mpaka siku ya kujitetea ataulizwa mbona ulinyamaza muda wote.

Swali ninaloulizwa kila mara: tunaweza kuipinga sheria yenyewe iliyomweka ndani? Ndiyo, kwa ibara ya 30(3) ya Katiba na Sura ya 3, sheria ya kudai haki za msingi mahakamani, na shauri linasikilizwa na majaji watatu. Mahakama Kuu ya hapahapa Dodoma ndiyo iliyopokea shauri la Mchungaji Mtikila namba 5 la 1993, Jaji Lugakingira akaamua 1994 kwamba ibara ya 26(2) inampa kila mtu nguvu ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba, na akafuta sharti la kuomba kibali cha kufanya mkutano. Marekebisho ya 2020 yaliubana sana mlango huo, ikabidi uape jinsi sheria hiyo ilivyokugusa wewe binafsi, mpaka Juni 2025 Mahakama ya Rufani iliposema masharti hayo yanakiuka Katiba. Mimi niliona masharti yale ni hasara kubwa kwa nchi. Ila kwa vyovyote vile, anza leo kutunza kila karatasi yenye jina lako: risiti ya faini, hati ya dhamana, barua ya kunyimwa kibali, na ile nakala ya Hatua ya 4 yenye muhuri. Nakala ndiyo umpe wakili, hati halisi ibaki nyumbani.