Unataka kuandika riwaya ya haramia wa kike? Anza na upepo

Wengi wakianza storii ya haramia wa kike wanakimbilia nguo, ati buti ndefu, kofia, kitambaa jichoni. Hayo ya Karibi waachie wenyewe. Wewe uko Mombasa bana, bahari unayo hapo Mama Ngina, na kabla hujaandika hata chapta ya kwanza amua storii inaanza mwezi gani.

Nasema mwezi sababu kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, yavuma kama Desemba mpaka Machi, halafu kusi, ule wa kutoka kusini, inashika, na jahazi la tanga halina ubishi na hilo. Ukimtorosha haramia wako kwenda Maskati, kule Omani, mwezi wa Januari upepo wote unamjia usoni, atabisha weee, yaani kwenda kwa kukatakata upepo, mpaka mabaharia wamchoke. Sasa hapo ndo fantasia inaingia, mpe jini wa kugeuza upepo, lakini huyo jini alipwe: kila akiombwa anachukua kitu, tuseme jina la mtu mmoja ambae haramia anampenda linamtoka kichwani kabisa. Uchawi wa bure unaua riwaya, msomaji ashajua mapema kwamba haramia atapona.

Maji nayo usiyasahau. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji makubwa, na huku kwetu maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, hiyo peke yake ni ploti. Mfano haramia wako, tumwite Mwanasha, anaingiza mashua kwenye mikoko ya Tudor usiku maji yamejaa, anaiba alichokuja kuiba, anachelewa sababu ameingia kwenye maneno na serahangi wake, mkuu wa mabaharia, wakirudi wanakuta chombo kimepwelewa, kimelala ubavu kwenye tope, foromali, ule mti wa tanga, imechomeka ndani ya matawi na walinzi wanakuja na mienge. Hapo usiruke hata kidogo. Tope linamshika mpaka magotini, kiatu kimoja kimebaki huko, kaa wanakimbia kila upande, na yeye anajua maji hayarudi mpaka karibu alfajiri. Atajificha ama atapigana? Ama atamwita jini, na safari hii jina la nani litaenda?

Huyo serahangi mjenge vizuri, ndo mtu wa kumkosoa nahodha mbele ya watu. Na mabaharia wasiongee kama taarifa ya habari tafadhali, watukanane, wataniane, mmoja akifua maji chomboni huku analalamika.

Atakaekwambia wanawake hawakuwa maharamia muulize 1593 alikuwa wapi, mwaka ambao Wareno walianza kujenga ngome ya Fort Jesus ndo mwaka huohuo Grace O'Malley wa Ireland alienda kuonana na Malkia Elizabeth wa Kwanza. Zheng Yi Sao wa China aliongoza meli kibao, akajisalimisha 1810 akapewa msamaha, akaishi zake. Mimi huyo wa China ndo namuonea raha zaidi, sababu haramia anaejua wakati wa kuacha ni mgumu kumuandika.

Hazina nayo, sanduku la dhahabu limechosha. Ingia makumbusho ya Fort Jesus uone vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama hapo mbele ya ngome 1697 Waomani wakiwa wameizingira ngome hiyo. Halafu jiulize Mwanasha angezamia kutafuta nini mle ndani, na nani alikitia.